Hamira ya Mivinje

Hilda alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa ofisini chuoni nasahihisha majibu ya wanafunzi kuhusu viumbe vya udongoni. "Mama amepumzika," alisema. "Tunazika Alhamisi, nyumbani Kwashemshi. Namba yako nimeikuta kwenye daftari lake." Nilimpa pole, akaitikia, kisha akauliza kama nitafika, nami nikasema nitafika kabla sijafikiri. Baada ya simu nilirudi kwenye karatasi zangu. Swali la tatu, nililolitunga mwenyewe, liliwataka wanafunzi waeleze kwa nini mche wa mvinje uliopandwa katika udongo uliochomwa hudumaa. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika ukurasa mzima, vizuri kabisa, nikashindwa kumpa alama. Jibu lile niliwahi kuonyeshwa na marehemu, nikiwa na miaka ishirini na minne, na nilimwadhibu kwa kulijua.

Mwaka huo nilikuwa nimetoka chuo, nikapata kazi kwenye mradi wa miti uliokuwa na kitalu Korogwe, chini kidogo ya mji, upande wa mtoni. Kazi yetu ilikuwa kuotesha miche ya mivinje kwa ajili ya vijiji vya Handeni, ambako upepo wa kiangazi ulikuwa ukiyavua mashamba udongo na watu wakihangaika kupata nguzo za kujengea. Mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu. Watu waliniita bibi miti, hata wazee, na wazee hao hao niliwaamkia shikamoo asubuhi kisha nikawapangia kazi. Mhudumu mkuu wa kitalu alikuwa Mama Hilda, mjane wa Kishambaa mwenye mwili mwembamba na mikono mirefu, aliyekuwa ameifanya kazi ile miaka kumi na minane. Kwa kuwa sikuwa na pa kukaa, alinipa chumba cha nyuma katika nyumba aliyopanga mtaa wa Manundu. Binti yake Hilda alikuwa anasoma ualimu mbali, kwa hiyo kitanda chake kikawa changu, na godoro lake, na msumari wake wa kutundikia nguo.

Nyumba ile haikuwa na dari. Kuta ziliishia usawa wa mkono ulioinuliwa, na juu yake maneno yalipita yalivyotaka. Nikiwa nimelala chali nikisoma, nilimsikia Mama Hilda na jirani yake Mama Zuhura wakipepeta maharage sebuleni, wakichanganya Kishambaa na Kiswahili, na niliweza kujua wananizungumzia pale Kishambaa kilipoanza ghafla. Tulikula makande, au ugali na mlenda aliojifunza kupika kwa Wazigua wa Handeni, na siku za Jumapili ndizi. Mimi nilikula na kuuliza. Wakati huo nilikuwa mtu wa maswali mawili: nani kasema, na amepima nani. Mama Hilda akisema mlenda unasaidia tumbo, nauliza nani kasema. Mama Zuhura akisema mvua ya mwaka huu itachelewa, nauliza amepima nani. Haikupita wiki nikawa na jina. "Nani Kasema karudi?" nilimsikia Mama Zuhura akiuliza jioni moja. "Karudi. Yuko ndani anawaza." Wakacheka wote wawili, kicheko kisicho na ubaya. Nami kitandani niliona fahari. Niliamini kwamba mtu anayehoji kila kitu hawezi kukosea sana. Haikunijia kwamba maswali yangu yote yalikuwa yanaelekea nje, kwa watu wengine.

Juma la tatu ndipo nilipoona kikapu. Tulikuwa tunahamisha miche midogo kutoka kwenye matuta ya mbegu kuingia kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya nailoni. Mama Hilda alikuwa na kikapu cha udongo mweusi uliochanganyika na majani membamba ya mvinje yaliyooza, na kabla ya kusimika kila mche alitia kiasi kidogo, kama nusu ukufi, katika tundu la kiriba. Nilimuuliza anatia nini.

"Hamira," alisema.

"Hamira ya nini, mama?"

"Ya miche. Naichota chini ya mvinje ule mkubwa, kule kwenye nyumba za zamani za shamba la mkonge. Unga bila hamira unakuwa nini?"

"Chapati," nilijibu.

Wanawake wanne waliokuwa wakijaza viriba waliangua kicheko, na Mama Hilda akacheka nao mpaka akafuta macho kwa kiwiko. "Haya," alisema. "Basi wewe utatupandia miti ya chapati."

Ningeweza kuishia pale, nikiwa nimechekesha watu. Lakini nilimuuliza nani kasema. Akaniambia alifundishwa na mzee mmoja aliyekuwa nyapara wa bustani za mkonge, naye mzee hakumweleza sababu. Nikamuuliza amepima nani. Alinyoosha mkono kuelekea safu ya mivinje iliyokuwa kando ya uzio wetu, mirefu kuliko nguzo za umeme. "Si hiyo hapo, mwanangu. Kapime." Sikwenda kuipima. Badala yake, mchana ule, watu walipokuwa wamekwenda kula, nilichana kiriba kimoja, nikaosha mizizi ndani ya ndoo, nikaiinua juani. Ilikuwa na mafundo. Vinundu vidogo vidogo vilivyosongamana mithili ya ua la koliflawa, rangi ya kahawia, na kuizunguka mizizi myembamba kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Moyo ulinipiga kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayoniaibisha zaidi ninapoikumbuka. Chuoni tulikuwa tumeonyeshwa mizizi ya nyanya iliyoshambuliwa na minyoo fundo. Mafundo nilikuwa nayajua. Na kitu cheupe chenye nyuzi ni ukungu, na ukungu ni ugonjwa. Nilikuwa nimekamata ushahidi kwa mkono wangu mwenyewe.

"Huo si ugonjwa," Mama Hilda aliniambia nilipomwonyesha. "Mivinje yote mizuri iko hivyo. Isiyokuwa hivyo ndiyo mibaya."

"Mama, minyoo hiyo. Unaichota kwenye mti mzee unaigawa kitalu kizima."

"Mche mgonjwa si utaonekana majani?"

"Unaweza kuonekana mzima leo, kesho ukafa."

Aliweka kikapu chini. "Wewe ndiye bibi miti," alisema.

Nilinunua pipa kwenye duka la vifaa la Mhindi mmoja mjini, mzee mpole aliyezaliwa Korogwe na aliyeongea Kishambaa kuliko nitakavyokiongea mimi maishani. Aliuliza pipa ni la maji au la mafuta. Nikamwambia ni la kukaangia udongo. Akaniomba nirudie. Kisha akamwita mkewe kutoka nyuma, akamweleza kwa lugha yao, na mama yule akaja kunitazama kwa huruma na kuniuliza kama nimekunywa chai. Tulilipasua pipa katikati, tukaliweka juu ya mafiga, na kwa wiki mbili kitalu kilinuka moshi na vumbi la moto. Wanawake walikoroga udongo kwa koleo. "Bibi miti, tutie chumvi?" waliuliza. "Kitunguu kije sasa au baadaye?" Mimi niliwaeleza kuhusu vimelea. Mama Hilda alikoroga zamu yake kama wengine, hakutania, na moshi ulipomjia usoni hakuusogelea wala hakuukimbia.

Miche iliyopandwa katika udongo uliokaangwa ilianza vizuri, au niliona hivyo kwa sababu nilitaka. Kisha ikasimama. Ilifika shubiri moja ikagoma, rangi yake ikawa ya manjano, na kila asubuhi nilipita katikati ya mistari nikitafuta sababu isiyo mimi. Niliilaumu mbegu, maji ya mto, kivuli cha makuti. Nikatia mbolea, miche ikawa kijani kwa siku kumi, halafu ikarudi njano. Jioni moja tukiwa tunakula, Mama Hilda alinawa mikono mapema, akasubiri nimalize kumeza. "Mwanangu, niruhusu mstari mmoja tu," alisema. "Niuwekee hamira. Usipofaa, tutauchoma." Lilikuwa ombi la kisayansi kuliko jambo lolote nililokuwa nimelifanya mwaka huo: mstari mmoja wenye hamira, mingine bila, maji yale yale, jua lile lile. Nilimwambia hapana. Nilisema siwezi kuruhusu ugonjwa urudi. Alisema haya, akaniongezea mlenda.

Aliufanya bila ruhusa. Niliugundua baada ya wiki nyingi, mwisho kabisa wa kitalu, nyuma ya matanki ya maji: mistari miwili ya mivinje ya kijani kibichi iliyonifika magotini, huku yangu ikiwa bado inapapasa vifundo vya miguu. Nilichuchumaa nikaipima kwa rula, mche baada ya mche, nikaandika kwa penseli kwenye daftari. Ilizidi yangu mara mbili na zaidi. Nilipoinua kichwa, Mama Hilda alikuwa amesimama mbali na keni ya kumwagilia mkononi, ananitazama. Nami nilipanga kichwani mwangu maelezo: iko karibu na tanki, inapata maji yanayovuja. Nilikwenda kuangalia kama tanki linavuja. Halikuwa linavuja.

Wakati huo nusu ya miche yetu ilikuwa imekwishapelekwa Kwaluguru, kimoja cha vijiji vile vya Handeni, na taarifa kutoka huko zilikuwa mbaya. Mratibu wa mradi, aliyekuwa anakaa mjini Tanga, alitaka ripoti yenye maelezo ya kilichotokea na nani anahusika. Katika nyumba ile meza ilikuwa moja tu, ya sebuleni, na ndiyo Mama Hilda aliyoitumia kuchambulia mchele. Aliponiona na makaratasi aliondoa ungo wake. "Andika, mwanangu. Mimi nitakaa mkekani." Nikaandika, kwa Kiingereza, kwamba mhudumu mkuu, kinyume cha maagizo, aliingiza udongo wenye minyoo fundo na ukungu wa mizizi kutoka kwenye mti wa zamani; kwamba aliendelea kufanya hivyo kwa siri hata baada ya kukatazwa; na kwamba kuna uwezekano mkubwa maambukizi hayo ndiyo yaliyoharibu zao zima. Kila sentensi ilikuwa na ukweli kidogo. Alikatazwa, ndiyo. Aliendelea, ndiyo. Urefu wa ile mistari miwili sikuuandika. Upepo uliingia mlangoni ukapeperusha ukurasa wa kwanza, na Mama Hilda akainuka mkekani, akauokota, akaurudisha mezani mbele yangu na kuuwekea kikombe juu ili usipeperuke tena. Hakujua Kiingereza. Alikuwa ameushika mkononi mwake.

Barua ya kumwachisha kazi, iliyomweleza kwa Kiswahili kosa la kuleta ugonjwa, ilikuja baada ya siku chache, pamoja na agizo kwamba mistari ile miwili ichomwe. Niliwaza kuwapa kazi hiyo wanawake wengine, lakini yeye alianza kabla sijasema. Alibeba viriba vinne vinne kwa kukumbatia, akavipanga kwenye shimo la taka, vimesimama wima, kana kwamba bado vitahitaji nafasi. Nilikwenda kusimama karibu kwa sababu niliona kutokwenda kungekuwa vibaya zaidi.

"Uliipima," alisema bila kugeuka. "Nilikuona na rula."

"Ndiyo, mama."

"Umeuandika urefu wake?"

"Nimeandika yanayohusika."

"Haya," alisema, akaenda kuchukua vinne vingine.

Jioni ile nililala chali chumbani bila kitabu. Mama Zuhura alikuja na maharage yake kama kawaida, nikamsikia akiuliza kuna nini, mbona amesikia kazi imekwisha. Nilingoja Kishambaa kianze. Hakikuanza. Mama Hilda alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, na najua alijua kwamba ukuta haufiki juu. "Magoti, dada. Kazi ya kitalu ni ya kuchuchumaa, na mimi kuchuchumaa siwezi tena. Nimewaomba waniache nipumzike." Mama Zuhura akasema hata yeye yanamsumbua, akamtajia mafuta ya kuchua. Mpaka leo sijui alimdanganya jirani yake kwa ajili ya nani. Nimejiambia mara nyingi kwamba alinistiri mimi, mtoto aliyekuwa anakula kwake. Lakini huenda alijistiri yeye, kwa sababu mtu aliyefanya kazi miaka kumi na minane hataki kusema amefukuzwa kwa kuleta ugonjwa. Au alichoka tu kueleza. Swali hilo ningeweza kumuuliza mwenyewe, mimi niliyekuwa bingwa wa kuuliza. Kwa wiki tatu zaidi aliendelea kunipikia, tukala, tukaongea habari za mvua, kisha akafunga nyumba na kurudi kwao Kwashemshi. Siku ya kuondoka alinipa mkono na kuniambia nisiache kula asubuhi.

Mwezi mmoja baadaye nilikwenda Kwaluguru kukagua mabaki. Ilikuwa kiangazi, nyasi zimebaki mashina, na miche yangu mashambani ilikuwa ama imekufa ama imesimama kama vijiti. Mwisho wa kijiji kulikuwa na boma la mfugaji mmoja, mzee wa Kimasai aliyepanda mivinje kuzunguka zizi la ndama na kuizungushia miiba. Upande mmoja miti ilikuwa kama ya kila mahali. Upande wa pili kulikuwa na miti kumi iliyonifika kifuani.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia. "Hii umeitoa wapi?"

"Marahaba. Ile ndogo imeleta gari yenu. Hii kubwa nimepewa na mama yule mrefu, mwembamba. Alikuja na gari siku ya kwanza, akaniambia chukua hii, nimeitengeneza mwenyewe." Alicheka kidogo. "Mbuzi zangu zenyewe zinajua. Ile ya kwenu hata hazitaki kuonja."

Nilimwomba ruhusa ya kuchimba. Nilichimba miti miwili, mmoja wa kila upande. Wa kwangu ulikuwa na mizizi mitupu, myeupe, safi kabisa, ule usafi niliokuwa nimeutafuta kwa pipa na kuni. Wa Mama Hilda ulikuwa na mafundo na utando. Nilivunja fundo moja kwa kucha. Fundo la minyoo ni uvimbe wa mzizi wenyewe na huwezi kulitenga nao. Hili lilikuwa limeota pembeni, likabanduka zima, na ndani lilikuwa na rangi ya wekundu hafifu. Niliketi pale chini kwenye samadi. Mzee aliniuliza kama naumwa.

Niliporudi Korogwe nilifungua sanduku la madaftari ya chuo. Nilijua nitakachokikuta na bado nilitumaini sitakikuta. Kilikuwepo, kwa mwandiko wangu, na nilikuwa nimekipigia mstari kwa sababu ya mtihani: mvinje una vinundu vya bakteria wanaouvutia nitrojeni kutoka hewani, na una kuvu wa mizizi ambao nyuzi zao hufika mbali kuliko mizizi yenyewe na kuuletea maji na fosforasi. Nilijibu swali hilo nikapata alama nzuri. Nilikuwa nalijua kwenye karatasi, na nilipolishika kwenye ndoo ya maji sikulitambua.

Leo nafahamu zaidi. Kuvu na bakteria hawafanyi kazi kila mmoja kivyake. Wako bakteria wanaoishi juu ya nyuzi za kuvu, na baadhi yao husaidia kuvu kuushika mzizi na kuingia. Fosforasi inayoletwa na kuvu ndiyo inayowapa vinundu nguvu ya kufanya kazi yao, na mti unaowapata wote wawili mara nyingi hukua kuliko unaompata mmoja. Nasema mara nyingi, maana inategemea udongo, mti na aina ya viumbe wenyewe, na bado tunabishana nani anamsaidia nani na nani anamnyonya nani. Mambo haya nayafundisha. Shahada yangu ya pili niliifanya juu ya kuchota udongo wa chini ya miti mizima kwa ajili ya vitalu, na ndiyo iliyonipa kazi niliyo nayo. Katika utangulizi niliandika kwamba desturi hii inajulikana kwa baadhi ya wahudumu wa vitalu mkoani Tanga. Baadhi ya wahudumu. Msimamizi wangu aliniuliza nilipataje wazo, nikamjibu kwamba niliona tofauti shambani.

Ripoti ile sikuisahihisha. Mradi ulifungwa mwaka uliofuata, mratibu akahamia kwingine, na nikajiambia hakuna tena wa kumwandikia. Alikuwepo mtu mmoja wa kumwandikia, juu kule Kwashemshi, na kwa miaka kumi na miwili nimepita njia panda ya kwenda kwake nikiwa na wanafunzi ndani ya gari, nikiwaonyesha mashamba ya mkonge upande wa pili.

Alhamisi nilifika mapema. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai, wanawake uani wakichambua mchele, na Hilda, ambaye sasa ni mwalimu mkuu na ana mikono mirefu ya mama yake, alinishika akanipeleka moja kwa moja chumbani. Alinipa karatasi iliyochapwa. "Huu ni wasifu wake, utasomwa kabla hatujatoka," alisema. "Huu ukurasa wa kwanza. Wa pili binamu bado anaurekebisha. Wewe ulikuwa naye kazini, hebu angalia kama nimekosea." Nilisoma. Kuzaliwa, kubatizwa, ndoa, kufiwa na mume. Kisha: alitumikia kitalu cha miti Korogwe kwa uaminifu kwa miaka kumi na minane, akaomba kupumzika kutokana na maumivu ya magoti.

Ningeweza kusema hujakosea. Kilikuwa chumba cha kufaa kusema hivyo, na watu walikuwa wanangoja. Nilimwambia mama yake hakuomba kupumzika. Nilimweleza yote, hamira, pipa, mistari miwili, ripoti, nikiwa nimesimama na karatasi mkononi kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kwa hiyo aliachishwa," Hilda alisema.

"Ndiyo."

"Kwa maneno yako."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unalala kitandani kwangu."

"Ndiyo."

Uani mtu aliuliza chumvi iko wapi, akajibiwa. Hilda aliketi ukingoni mwa kitanda. "Yeye alijua umeandika nini?"

"Alijua."

"Miaka yote hiyo umekaa nalo. Umekuja kulisema leo ambapo hawezi kukujibu."

Nilimuuliza kama anataka kubadilisha sentensi ile, ili watu wajue ukweli wake. Nilisema nipo tayari kusimama mwenyewe niseme. Nilipolisema nilisikia jinsi lilivyokuwa zuri masikioni mwangu, nikatamani nisingelisema.

"Wewe ndiye unayetaka watu wajue," Hilda alisema. "Mama alisema ni magoti. Alisema hivyo kwa jirani, akasema hivyo kwangu, akasema hivyo kwa mchungaji. Sibadilishi kitu. Kitasomwa alichosema yeye." Alichukua karatasi mkononi mwangu, akainyoosha kwa kiganja. "Lako kaandike kwako. Na usiondoke. Kaa mpaka mwisho."

Nilikaa katikati ya wanawake. Binamu alisoma polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kanisa, na alipofika kwenye magoti vichwa vilitikisika kwa kukubali. Mama mmoja nyuma yangu alisema kwa sauti ya chini kwamba kweli, yalimtesa. Kisha akafunua ukurasa wa pili. Marehemu alijaliwa mtoto mmoja wa kumzaa, Hilda. Aidha aliwalea wengine nyumbani kwake, ambao mwenyewe aliwahesabu kuwa ni wanawe, na aliacha ameyaandika majina yao. Waliopo tunaomba wasimame tuwaone. Alitaja majina mawili nisiyoyajua; kijana mmoja akasimama upande wa wanaume, mwanamke mmoja mjamzito akasimama karibu na mlango. La tatu lilikuwa langu, jina na la baba, pamoja na mwaka niliokaa kwake.

Nilimtazama Hilda. Alikuwa anatazama mbele. Hakuwa amebadilisha kitu.

Nikasimama. Bibi aliyekuwa amekaa kando yangu, ambaye hanijui, alinyoosha mkono akanirekebishia kanga begani, akaniambia, "Pole sana, mwanangu. Kufiwa na mama si mchezo." Watu walikuwa wamegeuka kunitazama kwa wema. Nikamwambia asante, bibi, nimepoa.